UZI: Rushwa unaitambuaje kabla hujaona bahasha? Halmashauri, mialo na barabara za Kanda ya Ziwa

#1 Jiwe la Bismarck
Habari za jioni wakuu.

Muulize mtu yeyote pale Mlango Mmoja, Mwanza, rushwa ni nini, atakuonyesha kwa vidole: noti imekunjwa ndani ya leseni ya udereva. Hiyo ipo. Ila kwenye fedha za umma noti ni hatua ya mwisho, na mara nyingi hakuna anayeiona. Hoja yangu ni kwamba rushwa ya halmashauri, ya mwaloni (pale wavuvi wanaposhushia samaki) na ya barabara huonekana mapema, kwenye makaratasi na kwenye vipimo. Sisi tunasubiri kushuhudia bahasha, tukiikosa tunasema hakuna ushahidi, na jengo linapokelewa.

Naanza na dalili mbili. Ya kwanza ni huduma ya serikali ambayo bei yake haijabandikwa popote, na anayekutajia bei ndiye anayepokea. Malipo halali ya serikali siku hizi yana kontrol namba, yaani namba maalumu ya kulipia. Ukitajiwa kiasi bila kontrol namba, usitoe hata shilingi mpaka ipatikane. Ya pili ni faili linalolala. Ombi lililokataliwa kihalali huwa na barua na sababu. Faili ambalo halikubaliwi wala halikataliwi, kila siku "njoo kesho", kuna kitu linasubiri.

Swali langu: mnatofautishaje rushwa na uzembe? Na takrima, yaani ukarimu wa kumpa mtu kitu, je? Wataalamu karibuni.

#2 Dagaa Kavu
Mkuu unazunguka. Chanzo ni mshahara mdogo. Mtu analipwa kidogo, ana watoto watano wa kusomesha, unategemea nini? Ongeza mshahara uone.

#3 Wakili Pasiansi
Kabla hatujafika kwenye chanzo tuelewane kitu chenyewe ni nini, maana wengi humu wanaita kila wizi rushwa.

Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, Na. 11 ya 2007, ina makosa mengi tofauti. Kifungu cha 15 ndicho hongo tunayoijua, na kinambana anayepokea na anayetoa. Watu wengi hawajui kwamba kuomba tu kunatosha. Ofisa akishatamka "nitoe kidogo" kosa limekamilika hata kama hukumpa kitu. Kifungu cha 22 ni kutumia nyaraka kumdanganya mwajiri. Cha 25 ni rushwa ya ngono, cha 27 ni kuwa na mali usiyoweza kuieleza, cha 28 ubadhirifu, na cha 31 matumizi mabaya ya madaraka.

Ukishajua mgawanyo huu, swali la #1 linakuwa jepesi kidogo. Kwenye halmashauri zetu vifungu vya 22 na 28 vina kazi nyingi kuliko cha 15. Mtu hahitaji kukuomba chochote ikiwa anaweza kuandika mifuko 200 na kupokea 140.

#4 Kalamu Nyekundu
Wakili kanifungulia mlango. Nizungumzie proforma tatu (karatasi za bei ambazo wauzaji hutoa kabla ya kuuza), maana ndipo mchezo unapochezwa zaidi kwenye manunuzi madogo.

Utaratibu unataka bei zishindanishwe. Ofisa manunuzi anaomba bei kwa wauzaji angalau watatu, wa chini anayetimiza vigezo anapata. Anayetaka kuiba hashindanishi. Anaenda kwa muuzaji mmoja, na huyo muuzaji anamletea proforma zote tatu, yake na mbili za "wenzake". Mhuri upo, saini ipo, TIN (namba ya mlipakodi) ipo. Ukizipanga mezani kama karata, zinajitaja zenyewe. Tazama mfano huu:

Saruji: A 17,500, B 18,375, C 18,900.
Nondo ya milimita 12: A 24,000, B 25,200, C 25,920.
Bati: A 32,000, B 33,600, C 34,560.
Misumari kwa kilo: A 4,500, B 4,725, C 4,860.

Chukua kikokotoo. B ni A kuongeza asilimia 5 kwenye kila mstari. C ni A kuongeza asilimia 8 kwenye kila mstari. Ushindani wa kweli hauko hivyo: duka moja lina saruji rahisi kwa sababu liko karibu na wakala, lakini nondo zake ni ghali. Tena ni muuzaji gani anayeuza misumari kwa 4,725? Chenji ya 25 ataitoa wapi?

Mengine ya kuangalia: kosa la tahajia linalojirudia kwenye zote tatu (mkiona "misumali" mara tatu mshtuke), namba moja ya simu kwenye karatasi mbili, tarehe ya proforma iliyo baada ya tarehe ya hati ya kuagizia. Na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ihakikini kwenye tovuti ya TRA (Mamlaka ya Mapato) kwa msimbo wake wa uhakiki. Kuna karatasi zinachapwa zikafanana na risiti, lakini mfumo hauzijui.

Tangu 2023 tuna mfumo wa NeST wa manunuzi ya umma mtandaoni na Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma, Na. 10 ya mwaka huo, na umebana mengi. Ila mfumo unaona kilichoingizwa tu. Manunuzi yakigawanywa vipande vidogo vidogo ili kila kipande kiwe chini ya kiwango cha zabuni, kila kipande peke yake kinaonekana kisafi. Ni mpaka mtu akae ajumlishe saruji yote ya miezi mitatu.

#5 Mama Igoma
Kalamu Nyekundu asante, ila usitufungie wote kwenye kapu moja. Wilaya ndogo ina maduka manne ya vifaa, yote yanachukua mzigo kwa wakala mmoja. Bei zitakaribiana tu. Ofisa akikuta bei zimekaribiana atakuwa mwizi?

#6 Kalamu Nyekundu
Hapana mama, kukaribiana si dalili. Dalili ni uwiano usiobadilika. Ukikuta mistari ishirini na yote ina pengo la asilimia ile ile, hapo mkono ni mmoja. Maduka yanayochukua kwa wakala mmoja yatalingana kwenye saruji, kisha yatapishana kwenye rangi, bawaba na vitasa. Nakubaliana na wewe kwamba dalili moja haimhukumu mtu. Inakuambia uvute faili la pili.

#7 Fundi Nyakato
Nyie wa makaratasi mmesema, sasa twende saiti.

Nondo. Andikeni hii mahali: kipenyo kwa milimita, zidisha chenyewe kwa chenyewe, gawanya kwa 162. Jibu ni kilo kwa kila mita. Nondo ya 12: 144 gawanya 162 ni kilo 0.89 kwa mita. Ya mita 12 iwe na kilo 10.67. Ya 16 iwe karibu kilo 19, ya 10 kilo 7.4. Nondo nyembamba inayouzwa kwa jina la 12 inakuwa na milimita 11, na hiyo ina kilo 8.96 tu. Kwa macho huwezi kuiona tofauti, kwa mkono pia huwezi. Mzani unaiona. Upungufu mdogo wa gramu kadhaa kwa mita ni wa kiwandani, hauna kesi. Kilo moja na nusu kwa kila nondo, hapo kuna mtu.

Na pimeni urefu. Kuna zinazokuja na mita 11 na kitu zinaandikwa 12.

Zege. Mchanganyo wa 1:2:4 unakula mifuko 6 na kidogo ya kilo 50 kwa mita moja ya ujazo. Chukua lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) yenye jumla ya mita 60, upana sentimita 15, kimo sentimita 20. Zidisha: 60 × 0.15 × 0.20 ni mita za ujazo 1.8. Hiyo ni mifuko kama 12, weka 13 kwa upotevu. Ukikuta vocha inasema lenta imekula mifuko 40, usimuulize fundi mkuu alikula nini. Muulize mifuko 27 iko stoo gani.

Tofali ndiyo penye maumivu. Fundi mwaminifu wa tofali za inchi 6 anatoa 25 mpaka 30 kwa mfuko. Akitoa 45, theluthi moja au zaidi ya saruji imekwenda mahali. Iokote tofali ya wiki mbili, iachie kutoka usawa wa kiuno. Nzuri itavunjika vipande viwili au haivunjiki. Mbovu inarudi kuwa mchanga.

#8 Mwalimu wa Kwimba
Mada nzuri, lakini naona mnaelekea kuwanyonga watu wasiohusika. Nieleze jinsi fosi akaunti, yaani ujenzi unaosimamiwa na shule yenyewe bila mkandarasi, inavyokwenda kwa ndani.

Fedha inaingia akaunti ya shule. Mkuu wa shule anaunda kamati: ya ujenzi, ya manunuzi, ya mapokezi. Wajumbe ni walimu na wanakijiji. Mwalimu wa Kiswahili anasaini kwamba amepokea mchanga mita za ujazo 14, na hajawahi kuonyeshwa mita ya ujazo ikoje kwenye lori. Anahesabu tripu. Lori moja limejaa kwa kingo, lingine limejaa katikati tu. Anasaini. Hapo kuna rushwa?

Kubwa zaidi ni bei ya kufanana. Mnakumbuka madarasa 15,000 ya fedha za UVIKO 2021, kila darasa milioni 20? Milioni 20 ya Ilemela mjini na milioni 20 ya kisiwani haziwezi kulingana. Kisiwani saruji inapanda mtumbwi, inashuka, inabebwa kichwani. Kokoto zinapanda mtumbwi. Kwenye BOQ, ile orodha ya vifaa na gharama zake, hakuna mstari wa mtumbwi. Mwalimu anafanyaje? Anaandika saruji mifuko mingi kuliko aliyonunua, tofauti anamlipa mwenye mtumbwi, ambaye hana risiti ya EFD. Akija mkaguzi: nyaraka za uongo. Ukija kwenye jengo: limesimama, imara, watoto wamo.

Kwa hiyo Kalamu Nyekundu, karatasi yako itamkamata huyu na itampita yule mwenye proforma nzuri.

#9 Wakili Pasiansi
#8 umegusa jambo zito. Kwenye kifungu cha 22 nia ya kudanganya ndiyo roho ya kosa, na mwalimu huyo atasema alidanganya ili kazi ikamilike. Si utetezi salama. Njia salama ni kuandika barua kwa mkurugenzi kabla ya kununua: gharama ya usafiri wa majini haimo, tunaomba kibali cha kubadili matumizi. Nakala ikae shuleni. Barua hiyo moja inamtenganisha na mwizi hata kama haikujibiwa.

#10 Mwalimu wa Kwimba
Wakili, barua isiyojibiwa na tarehe ya kukabidhi darasa inakaribia. Wanasheria mna subira sana na siku za wenzenu. Lakini nakubali, bora iwepo kuliko isiwepo.

#11 Sangara wa Igombe
Mwangaluka wakuu. Mbona mwaloni mmeuruka?

Rushwa ya ziwani ni hesabu. Zana haramu kama nyavu za kokoro na timba zinavua haraka, zinavua na wachanga, sangara chini ya sentimita 50 ambaye hajazaa. Mwenye zana anajua usiku mmoja unampa nini. Anajua pia faini ni kiasi gani na nyavu zinagharimu kiasi gani. Kati ya namba hizo ndimo rushwa inapokaa. Faini ikiwa kubwa sana kuliko anachoweza kulipa, hailipwi. Inageuka kuwa bei ya kuanzia mazungumzo. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu watu wanadhani ukali peke yake unasafisha ziwa.

Dalili za kuangalia:

Doria inayojulikana. Ukiona kokoro zote zimetoweka mwaloni tangu alasiri na boti ya doria inafika usiku, taarifa imetangulia. Doria mbili au tatu mfululizo zikikamata mitumbwi mitupu, usiangalie ziwa, angalia simu.

Nyavu zilizokamatwa. Hapa panahitaji umakini. Siku ya kukamata zihesabiwe kwa pisi, aina na ukubwa wa macho, hati isainiwe na mwenyekiti wa BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo). Siku ya kuteketeza zihesabiwe tena mbele ya watu wale wale. Kinachotokea ni kwamba zinakamatwa mpya na kuteketezwa kuukuu. Moto hautunzi kumbukumbu. Kama hati ya kukamata inasema "nyavu haramu, nyingi", huyo aliyeandika ameshaacha mlango wazi.

Samaki waliokamatwa. Sangara hakai. Wakitaifishwa lazima wauzwe au wagawiwe haraka, na haraka hiyo ndiyo kichaka. Kilo ngapi, nani kapima, bei gani, fedha imeingia kwa kontrol namba ipi. Maswali manne tu.

Na mabondo. Bondo, kibofu cha hewa cha sangara, ni jepesi, linaingia kwenye begi la mgongoni, na thamani yake kwa kilo inaipita mbali minofu. Kitu kidogo chenye thamani kubwa ndicho kinachopenda kupita pembeni ya kizuizi.

#12 Kibiriti
Umemaliza mkuu. Rushwa ndiyo iliyoua watu kwenye kivuko cha MV Nyerere. Kila mtu anajua, walipitisha watu kwa vijisenti.

#13 Mzee wa Ukara
Kibiriti mwanangu, pole pole. Tunaowataja ni marehemu wetu.

Kinachojulikana ni hiki: tarehe 20 Septemba 2018 kivuko kilipinduka karibu na gati la kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Walikufa 228, waliookolewa 41. Kilizidishwa zaidi ya mara mbili, hilo halina mjadala. Lakini kuzidisha si lazima mtu apewe kitu. Siku ile ilikuwa ya gulio upande wa Bugolora, watu wanarudi na mizigo, kivuko ni kimoja. Kila mmoja anamhurumia mwenzake asilale ng'ambo. Anayehesabu anaacha kuhesabu.

Jibu la swali la #1 kuhusu uzembe nalipata hapo. Kwenye rushwa kuna mtu mmoja anayepata na anajua anachopata. Kwenye uzembe kila mtu anapata kidogo cha kurahisishiwa na hakuna anayejiona ana kosa. Maji hayaulizi ilikuwa ipi.

#14 Kibiriti
Nimekuelewa mzee, shikamoo. Nafuta neno.

#15 Mama Igoma
Turudi nchi kavu. Ushuru wa mazao. Wengi wanatozwa wasichostahili kutozwa. Tangu 2017 ushuru ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na mwenye mzigo usiofika tani moja anayetoka halmashauri moja kwenda nyingine hatozwi. Tani moja ni magunia 10 ya kilo 100. Mama mwenye magunia manne ya mpunga anayesimamishwa kizuizini na kuambiwa "toa ya ushuru" hadaiwi chochote. Akitoa bila risiti, ametoa hongo bila kujua kwamba hakuwa na deni.

Mashine za POS, zile za kukusanyia ushuru, nazo. Ripoti za CAG (Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) za serikali za mitaa zimekuwa zikirudia kwamba fedha zilizokusanywa kwa mashine hazikufika benki zote. Inavyofanyika: mkusanyaji anakusanya Ijumaa hadi Jumapili, hapeleki benki, anaizungusha kwenye biashara yake akitegemea kurudisha wiki ijayo. Wiki ijayo inakuwa mwezi. Au mashine "imeharibika" siku za mnada tu. Chukua orodha ya siku mashine ilipozimwa uilinganishe na kalenda ya minada. Hutahitaji shahidi.

#16 Kalamu Nyekundu
Nakazia #15. Niongeze: msidanganywe na "hati safi". Hati safi inasema hesabu zimeandaliwa sawasawa na hazina makosa makubwa ya kupotosha. Haisemi hakuna aliyeiba. Halmashauri inaweza kupata hati safi na ndani ya ripoti hiyo hiyo kukawa na kurasa za POS na vocha zisizo na viambatisho. Someni ndani. Kwa mujibu wa Ibara ya 143 ya Katiba ripoti inakwenda kwa Rais, kisha Bungeni, na hapo inakuwa mali ya kila mtu.

#17 Bwana Kamusi
Niwatoe nje kidogo. Neno hongo limetembea. Karne ya 19 hongo ilikuwa ada ya njia: msafara ukitoka pwani kwenda bara, ukipita Ugogo au Unyamwezi, ulimlipa mtemi vitambaa na shanga ndipo upate maji na kupita salama. Ilikuwa hadharani, ikijadiliwa mchana, na kiasi chake kilijulikana. Leo neno lile lile ni la gizani. Takrima nayo asili yake ni heshima kwa mgeni. Mwaka 2000 iliingizwa kwenye sheria ya uchaguzi, mgombea akaruhusiwa kukirimu. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikasema vifungu vile vinakwenda kinyume cha Katiba, vikafa.

Kwa hiyo mleta mada, mila zetu za kupeana zilikuwa na kipimo: hadharani, kwa wote, na anayepokea hana cha kukuamulia kesho. Mkungu wa ndizi kwa nesi baada ya kujifungua salama mbele ya wodi nzima si sawa na elfu kumi kabla ya kupokelewa.

#18 Wakili Pasiansi
Bwana Kamusi raha ya kukusoma, ila mtumishi wa umma ana kanuni za zawadi. Mkungu wa ndizi leo, mbuzi kesho. Kipimo chako cha "hakuna cha kukuamulia kesho" kinavunjika wodini, kwa sababu mama yule atarudi na mtoto kliniki.

#19 Bwana Kamusi
Hapo umenibana. Bado sidhani ni kosa moja.

#20 Dagaa Kavu
Narudi kwenye mshahara. Yote mliyoeleza yanafanywa na watu wa chini: mkusanyaji, mgambo, mwalimu. Walipeni.

#21 Jiwe la Bismarck
Dagaa Kavu, EPA, ile akaunti ya madeni ya nje, ilikuwa ya mkusanyaji? Shilingi bilioni 133 zilitoka Benki Kuu mwaka wa fedha 2005/06. Richmond, mkataba wa kufua umeme, ilimfanya Waziri Mkuu ajiuzulu Februari 2008. Kashfa ya akaunti ya Tegeta Escrow, fedha za umeme pia, bilioni 306, 2014. Hakuna mwenye mshahara mdogo kwenye majina hayo.

Mchumi mmoja wa Marekani, Robert Klitgaard, aliiweka hivi: ukiritimba jumlisha uhuru wa kuamua, toa uwajibikaji. Ndiyo rushwa. Mshahara haumo. Mtu mmoja ndiye mwenye mhuri, anaamua apendavyo, hakuna anayemuuliza. Mlipe milioni kumi, ataomba kubwa zaidi.

#22 Dagaa Kavu
Mkuu fomula yako ni nzuri kwa bilioni 306. Mgambo wa kizuizini hana ukiritimba wowote, ana njaa. Mishahara haielezi zote, sawa. Na fomula yako haielezi zote.

#23 Sangara wa Igombe
Mnasahau kampeni. Mtu akitumia fedha nyingi kupata udiwani, kamati za halmashauri ndipo atakaporudishia. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 ipo, lakini fedha za kabla ya kampeni rasmi, nani anazihesabu? Mkandarasi aliyemsaidia diwani akishapata kazi ya mtaro, nani atamwambia zege ni jepesi?

#24 Kibiriti
Afadhali ndugu zangu, kwenye orodha ya dunia ya rushwa ya 2024 Tanzania tulipata 41. Yaani wala rushwa ni asilimia 41.

#25 Kalamu Nyekundu
Hapana. Kipimo kile ni cha 0 hadi 100, ambapo 0 ni rushwa iliyokithiri na 100 ni usafi. 41 haihesabu watu. Tena kinapima mtazamo wa wataalamu na wafanyabiashara kuhusu sekta ya umma, hakipimi kizuizi cha Igoma. Kinafaa kulinganisha nchi, hakifai kukuambia mtaro wa Buhongwa ulijengwaje.

#26 Mhandisi wa Kifusi
Kwa kuwa mtaro umetajwa, niwape barabara ya moramu, ndiyo mnayoikanyaga kila siku.

Kilomita 1, upana mita 5.5, unene uliokwisha kushindiliwa sentimita 15. Zidisheni: 1,000 × 5.5 × 0.15 ni mita za ujazo 825. Moramu ikiwa kwenye lori haijashindiliwa, inachukua nafasi zaidi, ongeza karibu theluthi moja: kama 1,070. Lori la mita 10 linatakiwa kupiga tripu kama 107 kwa kilomita. Mtoto wa shule aliyekaa barabarani na daftari anaweza kuhesabu. Zikipita tripu 60, unene ni kama sentimita 8, na mvua ya kwanza ya masika itaupeleka ziwani.

Kuthibitisha baadaye: chimba vishimo vitatu kwa sururu, katikati na pembeni mbili, pima kwa rula mpaka udongo ubadilike rangi. Katikati pekee haitoshi, maana wengi hulundika katikati na kupapasa pembeni. Sema pia kwa haki: barabara iliyotumika mwaka mzima imeliwa na magari. Pima mapema, kabla ya hati ya malipo ya mwisho.

#27 Mwalimu wa Kwimba
Shukrani Mhandisi. Basi mtu akishapima akakuta sentimita 8, anapeleka wapi? Wengi wanaogopa.

#28 Wakili Pasiansi
TAKUKURU, simu 113, ya bure. Au ofisi ya wilaya. Iko Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015. Ila kinachosaidia zaidi ni namna ya kuandika. "Barabara imeliwa" haichunguziki. Andika: barabara kutoka wapi hadi wapi, tarehe uliyopima, vishimo vitatu na vipimo vyake, picha zenye rula ndani, namba ya mkataba iliyo kwenye kibao cha mradi. Usiandike fulani ni mwizi. Andika ulichopima, na uache kazi ya kutaja majina kwa wachunguzi. Inakulinda na wewe.

Kijijini kuna njia nyingine isiyotumika: mkutano mkuu wa kijiji kila miezi mitatu, ambapo mapato na matumizi yanatakiwa kusomwa. Uliza pale, mbele ya watu, na hakikisha swali limeandikwa kwenye muhtasari.

#29 Mzee wa Ukara
Muhtasari unaandikwa na mtendaji. Swali gumu huwa halionekani humo.

#30 Wakili Pasiansi
Ndiyo maana uombe usomwe kabla mkutano haujafungwa, mzee.

#31 Mama Igoma
Fundi Nyakato, wabeja sana kwa somo la nondo. Swali moja: kamati ya shule itapata wapi mzani wa kupima kitu cha mita 12?

#32 Fundi Nyakato
Usipime nondo nzima mama. Kila saiti kuna vipande vilivyobaki baada ya kukata. Chukua kimoja kutoka nondo za mzigo huo, kata mita moja kamili kwa futi kamba, futa kutu na udongo. Nondo ya 12 iwe gramu 888, ya 10 gramu 617, ya 16 gramu 1,580. Mzani wa dijitali wa dukani unatosha. Pima vipande vitano kutoka nondo tano tofauti, si kimoja.

#33 Sangara wa Igombe
Na walio mwaloni wana mizani ya kuning'iniza kila mahali. Hiyo ifungeni nondo nzima katikati kwa kamba ili isiegemee upande, wawili washike ncha isizunguke, waachie ndipo msome. Angalieni kwanza kama mzani wenyewe una stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu.

#34 Fundi Nyakato
Sawa kabisa. Na mfanye hivyo lori likiwa bado halijashusha.